Kitoweo Chako Kina Karatasi?

Akina mama wenzangu, kila inapokaribia Krismasi au Pasaka, magari yanayopanda kutoka huku Ilemba kwenda Sumbawanga hubeba matenga ya kuku juu ya mizigo, na ndani ya vikapu mna mayai yaliyofukiwa kwenye pumba za mpunga. Bonde letu la Ziwa Rukwa lina joto, mpunga na ufuta, na kuku wetu wa kienyeji hupendwa sana na watu wa kule juu kwenye baridi ya Ufipa. Fedha ya kuku hao ndiyo inayonunua sare, sabuni, mafuta ya taa na dawa ya mtoto. Wengi wetu wala hatuiiti biashara. Tunasema tu, "Nimepeleka kuku wangu mjini."

Lakini mbele ya kizuizi cha ukaguzi barabarani, kuku ishirini ni mifugo inayosafirishwa, na mifugo inayosafirishwa hudaiwa kibali. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani aliyajua hayo akiwa na tenga la kuku ishirini na wawili. Hakuwa na karatasi yoyote. Aliteremshwa, gari likaendelea na safari, naye akabaki juani akingoja usafiri wa kumrudisha. Kuku sita walikufa kabla hajafika nyumbani. Aliporudi alilia, akasema serikali inawaonea wanyonge.

Mimi ni muuguzi, si mtaalamu wa mifugo. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimepokea wodini watu ambao ugonjwa wao ulianzia zizini au kwenye kipande cha nyama kisichojulikana kimetoka wapi. Ndiyo maana napenda tuzungumze juu ya karatasi hizi, ili mama anayefuga na mama anayenunua wajue zina kazi gani.

KIBALI NI NINI HASA?

Tunayo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo, Namba 17 ya mwaka 2003, na kanuni zake za mwaka 2007 zinazohusu usafirishaji wa mifugo na mazao yake. Angalia vizuri maneno hayo: mifugo na mazao yake. Maana yake si ng'ombe wa mnadani peke yake. Nyama, ngozi, kuku na mayai navyo vimo.

Kibali chenyewe ni karatasi inayoeleza mali ni ya nani, ni wanyama wangapi au mzigo kiasi gani, unatoka wapi, unakwenda wapi na kwa chombo gani. Huwa na tarehe, saini na mhuri, na kina muda wake. Kibali cha mwezi uliopita hakikufai kwa safari ya leo, hata kama kuku ni wale wale!

Kwa kawaida njia huanzia kijijini. Mtendaji wa kijiji anakufahamu, naye huandika barua kwamba mifugo hiyo ni yako kweli. Kama umenunua mnadani, stakabadhi ya mnada ndiyo shahidi wako, kwa hiyo usiitupe wala usifungie mandazi. Kisha afisa mifugo, ambaye wengi bado tunamwita bwana mifugo hata akiwa mwanamke, anawatazama wanyama, na akiridhika kwamba ni wazima na kwamba eneo halina karantini, ndipo unapata kibali. Malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa namba ya malipo unayopewa, na unalipa kwa simu au benki. Ukiombwa fedha mkononi bila namba hiyo wala stakabadhi, una haki ya kuuliza fedha hiyo inakwenda wapi. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Hapa nina neno kwa akina baba, kama mmoja wao anachungulia ukurasa huu. Katika nyumba nyingi kuku ni wa mama. Yeye huwalisha, yeye huwafungia jioni. Lakini barua ya kijiji huandikwa jina la baba, na baba akiwa amesafiri au amekwenda shambani kwa wiki mbili, kuku hawaendi popote. Hakuna sababu barua isiandikwe kwa jina la mama mwenye mali. Mtendaji hupaswa kuandika jina la mwenye mifugo, na mwenye mifugo anaweza kuvaa kitenge.

MZOGA HAUNA KIBALI

Sasa nije upande wangu wa hospitali.

Ng'ombe aliyeanguka akafa ghafla, pengine damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au sehemu ya haja, huenda ana kimeta. Ugonjwa huu unafahamika sana katika nchi yetu, na mwaka 2017 ulitajwa katika orodha ya magonjwa ya wanyama na binadamu ambayo Tanzania iliyapa kipaumbele, pamoja na kichaa cha mbwa, homa ya bonde la ufa, mafua ya ndege, ugonjwa wa kutupa mimba na malale. Vijidudu vyake vinapokutana na hewa hujifunga katika ganda gumu na kukaa udongoni kwa miaka mingi. Ndiyo maana mnyama wa namna hiyo hapasuliwi kabisa. Huzikwa kwa kina kirefu au kuchomwa, chini ya uangalizi wa wataalamu.

Lakini tunajua kinachotokea. Mwenye ng'ombe anaona shilingi zake zimelala chini. Anamchuna usiku, na asubuhi nyama inatembezwa kwa baiskeli kwa bei ya chini kuliko buchani. Mama mwenye watoto sita anafurahi. Siku chache baadaye aliyechuna anakuja zahanati na kidonda mkononi. Kilianza kama chunusi inayowasha, kikawa lengelenge, sasa katikati ni cheusi kama kaa la moto lililozimika, nacho hakimuumi sana. Kwa kuwa hakiumi, wengi hukawia. Akiwahi, dawa za kuua vijidudu humponya. Lakini kimeta kilichoingia tumboni kwa kula nyama ile ni hatari zaidi, na mtu anaweza kufa.

Hakuna bwana mifugo atakayeandikia mzoga kibali. Hakuna mkaguzi atakayeugonga mhuri. Mkaguzi humwangalia mnyama kabla ya kuchinjwa, akamwangalia tena baada ya kuchinjwa, halafu ndipo mhuri unapogongwa kwenye nyama. Kwa hiyo nyama inayokuja mlangoni kwako gizani, nafuu, bila mhuri, imekwisha kukuambia jambo.

NGURUWE, TEGU NA KIFAFA

Ufipa tunafuga nguruwe sana, na kitimoto sasa kimefika hadi vijijini. Jambo hili linataka uangalifu wa pekee, kwani akina mama wengi hulielewa nusu.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vijifuko vyeupe, mfano wa punje za mchele, ikiwa haikuiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na choo kikubwa. Nguruwe anayezurura akila choo hicho, mwili wake unajaa vijifuko. Hiyo ni duara moja. Duara la pili ndilo baya zaidi: mayai hayo yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mikono isiyonawiwa au kwa mboga mbichi na maji machafu, hayawi tegu tumboni. Yanakwenda mwilini kama yanavyokwenda kwa nguruwe, na yakifika kwenye ubongo huleta kifafa.

Kwa hiyo mama asiyekula nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa cha namna hii, ikiwa jirani yake au mpishi wa nyumbani ana tegu na hanawi mikono. Wangapi wamepelekwa kwa waganga wakiambiwa wamerogwa! Na watu wa mikoa mingine hupenda kututania kwamba hata jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuutupe kweli, tuchimbe vyoo, tufungie nguruwe bandani, na tumpeleke hospitali mtu anayeanguka.

Karatasi inaingia wapi hapa? Nguruwe aliyepita kwa mkaguzi hukatwa na kutazamwa. Akikutwa na vijifuko, nyama hiyo haiendi sokoni. Na kwa kuwa kibali kinaonyesha kijiji alikotoka, wataalamu wanaweza kurudi kule na kujua kwamba kuna watu wanaohitaji dawa. Bila karatasi, nyama inaliwa kilabuni na hakuna ajuaye chanzo.

Kuna pia homa ya nguruwe ya Afrika. Hiyo haimdhuru binadamu hata kidogo, ila inaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na haina dawa. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu nchini Kenya mwaka 1921. Mwishoni mwa mwaka 2010 ulilipuka Kyela, mpakani na Malawi, na katika muda wa miaka miwili ukawa umesambaa katika mikoa mingine hadi Dar es Salaam, ukifuata barabara ambazo nguruwe na nyama yao hupitia. Mwaka 2007 ulivuka bahari ukafika nchi ya Georgia, na inaaminika kwamba ulikwenda na mabaki ya chakula kutoka melini yaliyolishwa nguruwe. Kutoka huko ukaingia Urusi na Ulaya, na mwaka 2018 China, ambako nguruwe wengi mno waliangamia. Fikirini, mabaki ya sahani tu!

Ndiyo maana mama anayekwenda kumtembelea mwanawe Ulaya huchukuliwa nyama aliyoikausha kwa upendo, ikatupwa pale uwanja wa ndege. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka nje kuingia na nyama wala maziwa kwenye mkoba wake. Mpelekee karanga.

KUVUKA MPAKA

Sisi wa Rukwa tuna ndugu ng'ambo. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili, na mtu wa Kasesya huona kwenda Mbala kama kwenda kwa shangazi. Lakini kuku wa shangazi ni kuku wa Zambia. Kwa sheria, anayetaka kuingiza nyama, kuku, vifaranga au mayai hutafuta kibali cha wizara inayohusika na mifugo kabla mzigo haujaanza safari, na mzigo wenyewe huja na cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo wa serikali ya huko unakotoka. Hapo mpakani mkaguzi hulinganisha karatasi na mzigo. Kufika kwanza mpakani, halafu ndipo uombe kibali, ni kujitafutia hasara.

Hasara hiyo inaweza kuwa kubwa. Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga viliteketezwa kwa moto na serikali yetu. Wengi walilaani namna ilivyofanyika, nami moyo uliniuma. Naamini zipo njia zenye huruma zaidi za kuua kiumbe. Lakini hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwezi Januari mwaka huo huo mafua ya ndege yalikuwa yamethibitishwa Uganda, kwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Viktoria na kwa kuku wa kufugwa. Kifaranga hakisemi kimetoka banda gani. Cheti ndicho kingesema.

Kuhusu mayai sina mengi. Akina mama, tatizo la mayai mara nyingi ni trei. Trei za karatasi zilizotoka mjini zenye kinyesi cha kuku wa watu hubeba mdondo hadi kwenye uwanja wako, na mdondo ukiingia hauachi kuku wa kupiga kelele alfajiri. Zichome, utumie pumba kama zamani. Na muulize bwana mifugo juu ya chanjo ya matone ya jicho, ile inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku waliochanjwa ni rahisi zaidi kuwatetea unapoomba kibali.

Sikatai kwamba kuna ugumu. Afisa mifugo mmoja huhudumia vijiji vingi, na masika barabara ya kushuka Lyamba lya Mfipa huwataka watu moyo mgumu. Kumtaka mama atembee nusu siku kutafuta saini kwa ajili ya majogoo wanne si haki, na jambo hili linafaa lisemwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kwa diwani, kwa sauti. Katika kikundi chetu tulikubaliana tusafirishe siku moja kwa wiki, tukamwomba afisa aje siku ya kuamkia safari, akague matenga yote kwa pamoja na kuandika karatasi za kila mmoja. Alikubali. Kila mmoja wetu hutunza nakala yake kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Jambo moja limebaki, nalo ni la kufanya kabla hujanunua hata kuku mmoja wa kupeleka mbali: piga simu uulize kama huko uendako, au huko ununuako, kumetangazwa karantini. Ikiwa imetangazwa, hakuna kibali kitakachotoka, na fedha yako ni heri ibaki kwenye fundo la khanga.