Je, Wajua? Wanaolipa Pango kwa Kuhesabu Bata

Je, wajua kwamba Marekani kuna watu wanaoishi ndani ya gari mwaka mzima, na pango la kiwanja wanapoegesha wanalilipa kwa kufyeka nyasi, kusafisha vyoo vya wageni na kuhesabu bata? Si wazururaji. Wengi ni wastaafu: walimu, wauguzi, mafundi umeme, madereva wa malori. Watoto wamekua, nyumba wameiuza au wameipangisha, wamenunua gari lenye kitanda, jiko na choo, wakaenda kujitolea katika hifadhi za taifa za wanyamapori. Hifadhi hizo ni zaidi ya 570, na hakuna jimbo hata moja la Marekani lisilo nayo.

Je, wajua makubaliano yao yakoje? Hifadhi inatoa mahali pa kuegesha penye umeme, maji na bomba la majitaka, na mara nyingi mashine ya kufulia. Mgeni anatoa kazi. Hifadhi nyingi hutaka kati ya saa 20 na 32 kwa wiki, na hupendelea mtu atakayekaa miezi kadhaa, kwa sababu kumfundisha anayeondoka baada ya wiki mbili ni kupoteza muda wa watumishi. Mshahara hakuna. Chakula, mafuta ya gari na gesi ya kupikia ni juu yako. Lakini ukiumia kazini, sheria inakuhesabu kama mtumishi wa serikali kuu na unapata fidia kama yeye. Kipengele hicho ndicho kinachonifanya niuheshimu mpango huu: anayejitolea hachukuliwi kama mtu wa kupita njia.

Wajua kwa nini wanahitajika hivyo? Hifadhi kadhaa hazina mtumishi hata mmoja anayekaa pale pale; zinasimamiwa kutoka ofisi iliyoko mbali. Hata zilizo na watumishi, huenda ni wachache, na hao wana trekta la kuendesha, mifereji ya kuzibua na taarifa za kuandika. Anayefungua kituo cha wageni asubuhi, akakupa ramani na kukuonyesha ndege aliyeko kwenye kinamasi leo, mara nyingi ni mtu mwenye mvi ambaye nyumba yake iko nyuma ya karakana, juu ya matairi.

Je, wajua hifadhi ya kwanza ilianzaje? Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa mjini walivaa kofia zenye manyoya ya ndege, na wawindaji wa Florida waliua ndege hadi kwenye viota ili kulisha soko hilo. Karibu na kisiwa kidogo cha Pelican, mashariki mwa Florida, aliishi mhamiaji wa Kijerumani, fundi wa mashua aitwaye Paul Kroegel. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akitweka tanga, akachukua bunduki, akaenda kusimama kati ya wawindaji na mwari waliokuwa wakitaga kisiwani. Tarehe 14 Machi 1903 Rais Theodore Roosevelt alitia saini amri ya kukilinda kisiwa hicho, na Kroegel akaajiriwa kuwa mlinzi wake. Mshahara wake wa mwanzo ulikuwa dola moja kwa mwezi, nao ulitoka kwa wapenzi wa ndege, kwani serikali haikuwa imetenga fedha. Kwa hiyo mfumo huu wote ulianza na mtu aliyekuwa akijitolea. Kazi yenyewe haikuwa mzaha. Mwaka 1905 Guy Bradley, mlinzi wa ndege wa kusini mwa Florida, aliuawa kwa risasi akiwafuatilia wawindaji wa manyoya.

Na wajua kwamba hadi leo anayeishi hifadhini haruhusiwi kuokota hata unyoya mmoja wa bata bukini ulioanguka mlangoni pake? Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza, na sababu yake ina mantiki: ukishaushika mkononi, hakuna awezaye kuthibitisha kama uliuokota au ulimuua ndege.

Je, wajua Bosque del Apache? Ni hifadhi iliyoko jimbo la New Mexico, kando ya mto Rio Grande, iliyoanzishwa mwaka 1939, yenye ukubwa wa hekta 23,000 hivi. Kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, korongo wa kijivu hushuka kutoka milima ya kaskazini, pamoja na bata bukini weupe. Mwaka 1941 korongo waliohesabiwa pale walikuwa 17 tu. Siku hizi huja kwa maelfu, na wapiga picha husimama gizani wakingoja waruke kunapopambazuka.

Wasomaji wa Uganda watanielewa haraka hapa. Korongo wao mwenye taji, yule wa kwenye bendera, hulala juu ya mti kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na kinaweza kushika tawi. Korongo wa Bosque hawezi. Yeye hulala amesimama kwenye maji yasiyozidi kina cha miguu yake, ili koyote, mnyama wa jamii ya bweha, akija amsikie akichapa maji. Maji yakikosekana, korongo hana pa kulala. Ndiyo maana hifadhi ile inaendeshwa karibu kama shamba la umwagiliaji. Maji ya mto huingizwa kwenye madimbwi kwa milango midogo, na baadaye hukaushwa ili mimea yenye mbegu iote. Mahindi hulimwa, kisha hufyekwa kidogo kidogo ili ndege wapate chakula majira yote na wasivamie mashamba ya wakulima wa jirani. Ukimkuta mtu wa kujitolea akisafisha takataka kwenye wavu wa mfereji, usidhani ni kazi ya kumpa ili asikae bure. Mfereji ukiziba, dimbwi la chini linakauka.

Kuna pia mti uitwao tamariski, ulioletwa kutoka ng'ambo ukajaza kingo za mto na kuisonga mimea ya asili. Kuung'oa ni kazi ya miaka, na unarudi tena.

Je, wajua usiku wa Desemba pale unamaanisha nini kwa anayeishi kwenye gari? Baridi hushuka chini ya sifuri, na mpira wa maji ulioachwa nje huamka mgumu kama fito. Wazoefu hujaza tangi la ndani mchana, hufungua mpira jioni, humwaga maji yote na kuukunja. Wengine huufunga waya wa umeme wenye joto. Asiyejua hupiga mswaki kwa maji ya chupa.

Twende kwenye jambo ambalo picha nzuri haziligusi: choo. Gari la kuishi lina matangi matatu, la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Jua kosa la kwanza la wageni: wakishaunganisha bomba la majitaka, huacha koki ya tangi la choo wazi muda wote, wakiamini kinyesi kitatoka chenyewe. Maji hutoka, kigumu hubaki, hujengeka na kukauka hadi tangi liharibike. Utaratibu sahihi ni kufunga koki, kuacha tangi lijae zaidi ya nusu, kuvaa glavu, kukagua kiungo cha bomba mara mbili, kisha kufungua la choo kwanza. Likiisha, ndipo unafungua la maji ya sinki, ili maji yake ya sabuni yasafishe bomba. Ukigeuza mpangilio huo, utabeba bomba chafu mikononi. Watu huelekezana haya kwa upole hifadhini, jirani kwa jirani, na naamini urafiki mwingi wa kambini huanzia kwenye bomba hilo.

Wajua kuhusu friji? Friji nyingi za magari haya hupoza kwa moto wa gesi, bila mota. Gari likiegeshwa limeinama, kimiminika cha ndani hakizunguki, na friji inaweza kufa. Ndiyo maana mtu akifika tu, kabla hajasalimia, hutoa pimamaji na vipande vya mbao vya kuweka chini ya matairi.

Na umeme? Soketi ya kawaida ya kambini hutoa ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Washa birika, hita na maikrowevu kwa pamoja, na swichi itajikata.

Je, wajua kwamba katika majimbo mengi ya Marekani leseni ya kawaida inatosha kuendesha nyumba ya magurudumu yenye urefu wa basi? Binafsi naona sheria imelegea hapo.

Je, wajua asiye na nyumba hupata wapi anwani? South Dakota ni jibu la wengi. Kwa anwani ya kampuni inayopokea barua, na risiti ya kulala usiku mmoja tu kambini au hotelini, msafiri anaweza kupata leseni ya jimbo hilo, lisilotoza kodi ya mapato.

Wajua kwamba ukifikisha saa 250 za kujitolea kwenye ardhi za serikali kuu unapewa kadi ya mwaka mzima ya kuingia bure hifadhini na katika mbuga za taifa?

Hifadhi ndogo kuliko zote ni Mille Lacs, Minnesota: visiwa viwili ambavyo kwa pamoja havifiki hata ekari moja. Kubwa kuliko zote ziko Alaska.

Santa Ana, kusini kabisa mwa Texas kwenye mpaka wa Mexico, haifiki hekta 900, lakini imeorodhesha aina za ndege zipatazo 400. Wastaafu wa kaskazini hukimbilia eneo lile baridi ikianza, na hifadhi hunufaika na mikono yao.

Je, wajua hadithi ya Aransas? Hii nayo ni Texas, pwani ya Ghuba ya Mexico, na ilianzishwa mwaka 1937. Korongo mweupe, ndege mrefu kuliko wote Amerika ya Kaskazini, ana kimo cha mita 1.5 hivi. Mwaka 1941 kundi linalohamia pale lilikuwa limebaki na ndege 15. Hakuna aliyejua wanatagia wapi hadi mwaka 1954, viota vilipoonekana katika mbuga ya Wood Buffalo, Kanada, umbali wa kilomita 4,000 hivi. Leo kundi hilo limepita ndege 500. Sheria, wanasayansi, wakulima waliotunza vinamasi njiani, wote wana sehemu yao. Ukilinganisha 15 na 500, huhitaji kushawishiwa kwamba uhifadhi unalipa.

Je, wajua kwamba katika hifadhi nyingi kati ya hizi uwindaji unaruhusiwa? Msomaji wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, atashangaa. Wa Tanzania atakumbuka mapori ya akiba, ambako watu huwinda kwa leseni. Tangu mwaka 1934 mwindaji wa bata Marekani lazima anunue stempu maalumu. Leo ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kununua au kukodi vinamasi. Stempu ya kwanza ilichorwa na mchoraji katuni, Jay Norwood Darling, ambaye pia ndiye aliyechora nembo ya bata bukini anayeruka, ile inayosimama kwenye kila lango la hifadhi. Jina lake limepewa hifadhi ya kisiwa cha Sanibel, Florida.

Na wajua kwamba nyumba za magurudumu za Marekani zilishawahi kukatiza bara letu? Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya trela za Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Ethiopia walikutana na Mfalme Haile Selassie.

Nisikudanganye kwamba maisha haya ni starehe tupu. Hospitali inaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Mtandao wa simu hukatika. Wenzi wawili walio kwenye chumba kimoja chembamba, mvua ikinyesha siku tatu, hujifunza kunyamaza. Gari hushuka thamani kila mwaka tofauti na nyumba ya matofali, na tairi likipasuka njiani bei yake haisubiri pensheni. Wanaodumu ni wale waliouliza maswali kabla ya kwenda: kazi ni ipi hasa, saa ngapi, siku zipi za mapumziko, na je, gari langu litaenea kwenye kiwanja?

Mwisho, neno kwa wasomaji wetu mlioko Marekani. Si lazima uwe na gari la kuishi, wala uwe mstaafu. Wenye uraia au ukaazi wa kudumu wanaweza kuomba kupitia tovuti ya serikali ya Volunteer.gov, na hifadhi nyingi hupokea watu wa siku moja kwa wiki. Wakenya na Watanzania wa Minneapolis mna hifadhi ya Minnesota Valley, iliyoanzishwa mwaka 1976. Kituo chake cha Bloomington kiko dakika chache tu kutoka uwanja wa ndege, na kuingia ni bure. Nendeni na watoto Jumamosi moja, mwulizeni mhudumu wa mapokezi ni kazi gani inahitaji mikono wiki hii.