Mwenye Duka, Kibarua, na Neno "Kujitegemea"

Mtu wa Mombasa akipanda basi kwenda Homa Bay huipita nyika usiku, akafika Nairobi, akateremka Bonde la Ufa na kulipanda tena, akaona chai ya Kericho au ndizi za Kisii, na mwisho wa yote hayo, wala hakutazamia, akayaona maji. Hayana chumvi. Mengine yote atayatambua: mashua zilizopakwa rangi, nyavu zinazoshonwa kivulini, na dagaa waliotandazwa juani, ambao huko huitwa omena. Na akiwa Kendu Bay wakati wa alasiri atasikia adhana, akajihisi kama mtu aliyerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Ukurasa huu umekwenda huko kwa sababu maalumu. Kila unapofika wakati wa siasa nchini Kenya, husikia wakubwa wakibishana juu ya mambo matatu: wenye biashara waachiwe uhuru kiasi gani, kibarua wa shamba alipwe nini, na mwananchi ajitegemee vipi. Wengi hudhani ubishi huo ni wa Nairobi. Lakini wawili miongoni mwa waliouandika kwa kalamu, tena mapema, mwaka 1965, walikuwa watu wa ziwa lile, wa upande ambao leo ni Kaunti ya Homa Bay. Mmoja ni marehemu Tom Mboya wa kisiwa cha Rusinga. Wa pili ni marehemu Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliyezaliwa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay katika miaka ya 1930.

Huyu wa pili ana udugu nasi. Baba yake, Hussein Onyango, alikuwa mpishi wa Wazungu aliyesilimu, na husimuliwa katika jamaa zake kwamba alisilimia Unguja. Uislamu haukuwa mgeni Kendu Bay, kwani baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 wafanyabiashara na mafundi wetu walishuka hadi ziwani, wakajenga misikiti na kuoa huko. Lugha ya sokoni ya Kendu Bay ina masikio ya pwani hadi leo, na si ajabu kumkuta mzee wa Kijaluo mwenye kofia ya kufuma anayekuuliza habari za Mji wa Kale kama aliyeondoka jana.

Mboya naye, ingawa kwao ni Rusinga, hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Msomaji wa Kilifi anayeujua mkonge wa Vipingo hahitaji kuelezwa kazi hiyo ni kazi gani. Kodi ilikuwa imewatoa Wajaluo majumbani mwao. Mwanamume alitakiwa alipe kwa fedha, na fedha haikupatikana mtamani wala kwenye samaki; ilipatikana kwa Mzungu. Na kuanzia mwaka 1919 na 1920 alitakiwa pia avae kipande shingoni. Basi mtoto huyu alianza kuijua siasa ya mshahara kabla hajajua kusoma.

Sisi wa Mombasa tulimjua mwaka 1955. Wachukuzi wa bandarini walipogoma mwezi wa Machi mwaka huo, nchi ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, Mboya, kijana wa miaka 24, alikuja akiwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Akazungumza na wachukuzi, akazungumza na matajiri wa meli, na watu wakarudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya baraza, nao wakapata nyongeza. Wazee waliokuwako walikuwa wakisimulia jinsi alivyoweza kuwageukia wachukuzi kwa Kiswahili na matajiri kwa Kiingereza, na kila upande ukadhani huyu ni wetu. Nadhani sifa hiyo ndiyo iliyomwinua baadaye, na ndiyo iliyowafanya wengine wasimwamini.

Miaka kumi ilipopita, kijana yule wa migomo alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka Na. 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika na jinsi utakavyotumika katika mipango ya Kenya. Jina lilikuwa la ujamaa, lakini mwenye duka aliyeusoma alilala usingizi mzuri. Waraka ulikataa kufuata Mashariki wala Magharibi, ukasema mali za watu hazitanyang'anywa, mtaji wa kigeni unakaribishwa, na kutaifisha ni dawa ya mwisho tu. Hoja ya Mboya ilikuwa nyepesi kuelezwa: huwezi kugawa kisichokuwako. Kwanza nchi izalishe, kisha igawane.

Lakini ndani yake mlikuwa na jambo moja ambalo watu wa pwani na watu wa Nyanza Kusini wamelilipia tangu siku hiyo. Waraka ulisema fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa upesi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili faida yake iwafikie wengine baadaye. Sasa niambie, ndugu msomaji, mwaka 1965 palikuwa na umeme gani Rusinga? Palikuwa na barabara gani Lamu? Mtoto wa Rusinga alitia sahihi mpango uliomweka Rusinga nyuma ya foleni. Simlaumu kwa nia, maana aliamini faida itateremka. Namlaumu kwa kuamini kwamba faida huteremka yenyewe kama maji, na yeye ndiye aliyewaona matajiri wa meli wakikataa hata senti mpaka watu wamegoma.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo Obama akamjibu. Alikuwa amerudi kutoka Marekani mwaka uliotangulia, na jibu lake lilichapishwa katika East Africa Journal. Walikuwa marafiki, lakini urafiki haukumzuia kusema. Aliuliza ujamaa huu ni wa namna gani ikiwa maduka na viwanda vinabaki mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na Mwafrika katika mji wake mwenyewe ni mpita njia. Akasema kukata ardhi vipande na kumpa kila mtu hati yake si njia pekee, akapendekeza ukoo au chama cha ushirika vilime pamoja. Akaonya juu ya utajiri kukusanyika kwa wachache, hata wachache hao wakiwa Waafrika. Na juu ya kodi alifika mbali mno: kwa nadharia, alisema, serikali yaweza kutoza hata mapato yote ya mtu, mradi mtu huyo arudishiwe faida inayolingana. Hapo hata mimi ninayempenda naweka kitabu chini. Mwaka 2008 mwanawe alipogombea urais, Wamarekani waliifukua makala hii na kuishika sentensi hiyo ya kodi peke yake. Habari ya kibarua hawakuisoma.

Mwaka huohuo wa 1965 Mzee Kenyatta, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, alimgeukia Bildad Kaggia, mwenzake wa kifungoni aliyekuwa akiwatetea wasio na ardhi, akamwuliza mbele ya watu: wenzako wamejipatia, wewe umejifanyia nini? Swali hilo, kwa maoni yangu, lilieleza siasa ya wakati ule kuliko kurasa zote za Waraka. Kujitegemea kulikuwa kumekwisha kugeuka. Maana yake haikuwa tena nchi kusimama kwa miguu yake. Ilikuwa mkubwa kusimamisha nyumba yake. Kaggia alikwenda zake, baadaye akawa na kinu cha kusaga unga. Na mwaka 1971 ripoti ya tume ya Ndegwa iliruhusu watumishi wa serikali wafanye biashara zao huku wakiwa kazini. Mwenye duka na mwenye mhuri wakawa mtu mmoja.

Ajabu ya mahali hapa ni kwamba jibu lingine lilikuwa karibu sana. Ukitoka mji wa Migori ukashika barabara ya kusini, punde unafika Isebania, na ukivuka mpaka uko Sirari, Tanzania, katika mkoa wa Mara. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, imo katika mkoa huohuo. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na kiongozi wa TANU akakatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kujenga nyumba za kupangisha. Neno ni lile lile, kujitegemea. Upande mmoja wa kibao cha mpakani lilimkataza mkubwa asiwe na duka. Upande wa pili lilimsukuma alifungue. Watu wa Isebania hawakubishana juu ya hayo kwa vitabu. Sukari na sabuni zilipoadimika Tanzania, walivusha usiku. Na Kenya ilipowabana maskini wake, waliwatazama jirani zao ambao hawakuwa na kitu lakini walikuwa wakiitana ndugu.

Wala isidhaniwe kwamba Wajaluo walingoja serikali iwafundishe neno hilo. Mwaka 1947 marehemu Jaramogi Oginga Odinga aliandikisha shirika la akiba na biashara la Wajaluo, akapita mitaani kuuza hisa kwa watu wa kawaida, hata kwa vibarua waliokuwa mbali na kwao, ili Mwafrika aonyeshe kuwa anaweza kuendesha kiwanda cha kupiga chapa na kujenga nyumba ya kupangisha. Na "harambee", ambayo serikali iliifanya wimbo wa taifa zima, ni neno la wachukuzi wetu wa pwani wakivuta mzigo mzito. Sharti lake, kila mchukuzi analijua: wote washike kamba. Akitokea mmoja wa kusimama kando akihesabu, hiyo si harambee, huo ni unyapara.

Haya, twende Awendo, katika Kaunti ya Migori, tuone yamefika wapi. Serikali ilitwaa ardhi ya wenyeji kwa ajili ya shamba la kiwanda, na mwaka 1979 Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, SONY, ikaanza kusaga. Muwa wa kwanza huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa. Mwenye ekari zake mbili tatu hulimiwa kwa trekta, hupewa mbegu na mbolea kwa mkopo, na siku ya mavuno hukatwa gharama zote hizo pamoja na kukata na kubeba. Muwa ukishakatwa ukalala shambani siku kadhaa kwa kukosa gari hukauka na uzito hupungua, na hasara huwa ya mkulima, maana malipo ni kwa tani. Anayeukata muwa huo naye hulipwa kwa tani, au kwa kipimo cha mistari. Huanza alfajiri, panga mkononi, mikono imefungwa matambara kwa sababu majani ya muwa hukata kama wembe.

Sasa yule mwenye ekari mbili ni nani katika ubishi wa Mboya na Obama? Ana hati ya ardhi, kwa hiyo ni mwenye mali. Anawaajiri wakataji, kwa hiyo ni tajiri wao. Lakini yeye mwenyewe hukaa miezi akingoja malipo ya kiwanda, hajui mizani imesema nini, na hakupanga bei. Nimeketi kwenye kibanda cha chai pale sokoni na kumsikia mmoja wao akimwambia mkataji wake, "Ndugu yangu, nikilipwa nitakulipa." Mkataji akacheka, akamjibu, "Mzee, watoto wangu nao wanakula ukilipwa?" Wote wawili wakanywa chai ya mkopo. Ile hadithi ya ujira na jasho ambalo halijakauka, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua, hapo unabaki ukijiuliza umsomee nani.

Serikali yenyewe haikuwasaidia sana kwa kiwango. Agizo la mishahara ya mashamba lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 lilimwekea kibarua asiye na ujuzi kiasi kisichofika shilingi 8,000 kwa mwezi. Mwambie mtu huyo ajitegemee!

Wa Kwale hawatashangaa. Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari kabla Awendo haijawaza, na katika mashamba yake walikata miwa Wadigo na watu wa bara, Wajaluo wakiwamo. Mwaka 1988 kiwanda kikafa. Wengine walirudi kwao ziwani mikono mitupu, wengine walibaki, na watoto wao leo wanasema Kidigo. Kampuni nyingine ilikuja baadaye kuyafufua mashamba, na ugomvi wa nani mwenye ardhi ukafufuka pamoja nayo.

Mwezi wa Mei 2025 serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa wenye mitaji binafsi: Nzoia, Chemelil, Muhoroni na SONY, ambacho kilikwenda kwa Busia Sugar Industry. Waliokubali walisema viwanda vya umma vilikuwa vimelemewa na madeni, na kwamba mwenye mali huamka mapema kuliko mtumishi. Waliokataa waliuliza malimbikizo ya mishahara yatalipwa na nani, na kwa nini ardhi iliyotwaliwa kwa jina la umma ikabidhiwe mtu binafsi. Ukifunga macho utadhani Mboya na Obama wamekaa tena mezani. Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na Obama, aliyekuwa amemwona muda mfupi kabla, alitoa ushahidi mahakamani. Yeye mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1982. Mmoja amezikwa Rusinga, mwingine Kogelo huko Siaya, na ziwa liko kati yao.

Mkataba wa Awendo ni wa miaka 30. Siku niliyoondoka, kabla ya jua kuchomoza, wakataji walikuwa wamekwisha kusimama kando ya barabara wakingoja trekta liwachukue, na hakuna aliyejua bei ya tani kwa siku hiyo.