Kodi ya Mazingira Haina Nguvu Isipoaminika: Mafunzo kutoka Viwanda vya Mavoko

Kodi ya mazingira humtoza mchafuzi kulingana na uchafu anaotoa, au hutozwa kwenye bidhaa inayouleta. Gharama ya moshi, vumbi na maji machafu, ambayo kwa kawaida hubebwa na majirani wa kiwanda, huingia katika hesabu za kiwanda chenyewe, na mtambo safi huanza kuonekana nafuu. Hata hivyo, mwekezaji haulizi tu kodi ni kiasi gani. Huuliza pia kama itakuwepo miaka kumi ijayo.

Swali hilo lina uzito Mavoko, eneo la viwanda la Kaunti ya Machakos. Athi River, iliyomo Mavoko, ina viwanda kadhaa vya saruji, vikiwemo vya East African Portland Cement na Bamburi. Katika saruji, mchafuzi mkuu ni klinka. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na takriban asilimia 60 ya gesi ya kaboni hutoka ndani ya mawe yenyewe. Iliyobaki hutokana na fueli. Ndiyo maana kubadilisha fueli pekee hakutoshi. Kiwanda kinaweza pia kupunguza klinka na kuongeza pozolana, ambayo ni jivu la volkano, kufunga vichujio vya vumbi, au kusaga kwa umeme wa jua.

Mingi ya mitambo hiyo hudai mtaji mkubwa usiorudi kirahisi. Kichujio kilichokwisha kufungwa hakiuziki kwa bei kilichonunuliwa. Tanuri hudumu miongo kadhaa, ilhali Sheria ya Fedha, inayobadili kodi, kwa kawaida huja mpya kila mwaka. Wachumi Avinash Dixit na Robert Pindyck walieleza mwaka 1994 kwamba uwekezaji wa aina hii ukikabiliwa na mashaka, kusubiri nako kuna faida. Kwa hiyo kodi ndogo inayoaminika yaweza kuvuta mtaji kuliko kodi kubwa inayotiliwa shaka.

Kenya ina msingi wa kisheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinaruhusu nafuu ya kodi kwa viwanda vinavyonunua mitambo ya kuzuia uchafuzi, na adhabu ya kodi kwa wachafuzi. Kinachokosekana ni uthabiti. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza tozo ya mazingira, ikiwemo shilingi 150 kwa kila kilo ya vifungashio vya plastiki. Juni 18 kamati ya Bunge ilisema tozo ibaki kwa bidhaa zilizokamilika zinazoagizwa nje. Juni 26, baada ya maandamano, Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada wote. Julai 31 Mahakama ya Rufaa ikabatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Gesi ya kupikia ilipitia misukosuko hiyohiyo. Ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa 2023. Mfanyabiashara aliyekopa kununua mitungi na matangi alilazimika kupiga hesabu upya kila mwaka.

Kodi zisizo za mazingira nazo huathiri uamuzi. Tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka kutoka nje, iliyoanza 2023, ililenga kuinua viwanda vya ndani. Ilimpa msagaji wa klinka hiyo sababu ya kuitumia kidogo, lakini pia ilimpa mwenye tanuri sababu ya kuchoma zaidi nchini. Bila bei ya kaboni inayotozwa pande zote, hewa yaweza isinufaike.

Sweden ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1991, ikaipandisha hatua kwa hatua, na viwanda vikapata muda wa kujipanga. Mkakati wa mapato wa Kenya wa 2024/25 hadi 2026/27 nao unataja kodi ya kaboni. Ikija, itafaa itangazwe miaka kadhaa kabla, ipande kwa ratiba iliyoandikwa katika sheria, na sehemu ya mapato irudi kwa nafuu ya mitambo safi. Wakazi wa Mavoko wanastahili hewa safi, na wenye viwanda wanastahili sheria isiyogeuka kila bajeti. Pande zote mbili zinahitaji uthabiti uleule.