UTEUZI WA VITANDA KWA AJILI YA WAZEE

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwatunza wazee wasio na jamaa wa kuwaangalia katika nyumba za Welezo na Sebleni, Unguja, na Limbani, Pemba. Wazee wengine wengi hutunzwa majumbani. Kwa aliyepungukiwa na nguvu, kitanda si pahala pa kulala tu. Hapo hula, huoshwa na hupokea wageni. Hivyo basi, watumishi wanaohusika na ununuzi, pamoja na wananchi wanaotoa vitanda kwa njia ya sadaka, wanaombwa kuzingatia maelezo yafuatayo.

1. Kimo. Mzee anapoketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, na magoti yakunjike kama ya mtu aliyeketi kitini. Kwa wengi, kimo hicho, pamoja na godoro, ni baina ya sentimita 45 na 50. Samadari ndefu za Mji Mkongwe ni fahari ya nyumba, lakini mzee anayeteremka usiku kwenda msalani huweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Kitanda cha kamba kilicholegea nacho humzamisha, asiweze kuinuka bila ya kuvutwa.

2. Godoro. Godoro la sufi au pamba lililochakaa hufanya mabonde na huchelewa kukauka. Sponji nene, iliyovishwa plastiki chini ya shuka, ni rahisi kusafishwa. Hata hivyo, hakuna godoro linaloondoa haja ya mtunzaji: asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara kwa mara, takriban kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda vya kulalia.

3. Vizuizi vya pembeni. Visiwekwe kwa kila mzee. Aliyechanganyikiwa akili huweza kuvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi. Kwa huyo, kitanda cha chini sana ni salama zaidi wakati wa kulala.

4. Mengineyo. Magurudumu yawe na breki; fremu za chuma zipakwe rangi, kwani hewa ya bahari huleta kutu; pawepo pa kufungia chandarua; na pembeni ibaki nafasi ya kupita kiti cha magurudumu.

Vitanda vya kimo kimoja hupendeza vikipangwa safu, lakini wazee hawana kimo kimoja. Kabla ya kuagiza, wazee wenyewe wapimwe na waulizwe.