Miche ya Kuagiza kwa Simu: Ni Rahisi au Ni Ghali?

Kina mama wengi wa Pwani siku hizi huagiza miche ya matunda kutoka vitalu vya Thika na Ruiru. Fedha hutangulia kwa M-Pesa, miche hufuata kwa basi. Jirani yangu aliagiza miche 10 ya parachichi aina ya Hass; minne ilifika imekauka. Muuzaji akasema mzigo ulitoka kwake mzima.

Je, hasara ni ya nani? Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia matunda kabla ya kuyapokea, akawaruhusu kwa sharti kwamba kipimo na muda vijulikane. Hiyo ndiyo bei ya salam, na ndani yake bidhaa hubaki katika dhima ya muuzaji mpaka aikabidhi. Basi kubaliana naye mapema, kwa maandishi: aina, urefu, iliyobebeshwa au ya mbegu, siku, na mahali pa kukabidhiana. Ukiridhia Thika, yatakayotokea njiani ni yako.

Hata ikifika mizima, Hass ni mti wa nyanda za juu. Joto letu haliupendezi. Na mwembe wa apple tunaoulipia nauli kutoka bara, asili yake ni huku huku Pwani! Waulizeni kwanza wataalamu wa KALRO, Mtwapa.

Thamani ya mche haimo katika bei, bali katika kuishi kwake. Mti unaoliwa na watu na ndege ni sadaka. Uliokauka ndani ya boksi ni mali iliyopotea.