Sura ya Saba: Kilo Mbili Kando ya Reli

Karibu kila anayeniuliza habari za majivu ya maiti huwa anawaza majivu ya jikoni: mepesi, yenye weusi, yanayoruka mtu akikohoa karibu nayo. Kutokana na wazo hilo huja mengine. Kwamba yatapeperuka yaingie nyumbani kwa watu. Kwamba yana sumu. Kwamba marehemu atatawanyika asijue pa kurudi. Kwanza tupange vizuri kilichomo ndani ya chombo.

Tanuri la kuchomea maiti hufanya kazi kati ya nyuzi 760 na 1,000 za Selsiasi. Maji, ambayo ni zaidi ya nusu ya mwili, hugeuka mvuke. Nyama na mafuta huungua na kutoka kama gesi. Baada ya saa moja na nusu au mbili inabaki mifupa mikavu, myeupe, iliyopasukapasuka. Vyuma huondolewa: misumari ya jeneza, na kiungo bandia cha nyonga kama kilikuwepo. Kifaa cha kuusaidia moyo hutolewa mapema, kabla mwili haujaingia motoni, kwa sababu betri yake hulipuka. Kisha mifupa husagwa kwa mashine. Kwa hiyo familia hukabidhiwa mfupa uliosagwa, wa rangi ya kijivu hafifu, wenye chembe za kukwaruza vidole. Uzito wake kwa mtu mzima ni kilo mbili hadi tatu, yaani paketi ya unga ya dukani na ziada kidogo. Uzito huo hautegemei unene. Mtu mnene na mtu mwembamba wa kimo kimoja hutoa karibu kiasi kile kile, maana mafuta yote yalishatoka kwa bomba la moshi. Kinachohesabika ni ukubwa wa mifupa.

Moto wa kuni, kama ule ambao jamii ya Wahindu wameutumia kwa miaka mingi pale Kariokor, Nairobi, huchanganya humo majivu ya mti. Hapo potasiamu huongezeka na rangi hukolea. Lakini kiini hakibadiliki: kalsiamu na fosfeti, pamoja na chumvichumvi. Ukiuliza kama kuna sumu, jibu ni hapana. Kuna vumbi la madini ambalo hutaki kulivuta puani, sawa na vumbi la saruji, na kuna tabia ya chokaa inayoweza kuwasha jicho. Viini vya ugonjwa vilivyomuua mtu havikutoka hai katika nyuzi 800.

Nilipanga sura hii iwe na sehemu tatu zilizo sawa: majivu ni nini, nani ana haki ya kuyaamulia, na yamwagwe vipi mtu akitaka yawe kando ya reli, hasa pale Ruiru, ambako swali hili hunifikia mara nyingi kuliko nilivyotazamia. Swali lenyewe halina uajabu wowote. Reli ya kutoka Nairobi hadi Thika ilifunguliwa mwaka 1913 na mwaka 1930 ikawa imefika Nanyuki. Zimo familia Ruiru ambazo babu alikuwa mtu wa ishara, au fundi wa kubadilisha mataruma, au karani wa kupokea magunia ya kahawa na marobota ya mkonge. Wengine wamelelewa kwa chai na mandazi ambayo mama aliuzia abiria wa treni ya alfajiri. Mtu wa namna hiyo akisema, "Nikifa mnichome, mnimwage pale stesheni," hajarukwa na akili. Ametaja mahali alipoishi maisha yake.

Ila akishasema hivyo, ukoo hukutana, na hapo ndipo upuuzi hufunguliwa mlango.

Wa kwanza kusimama hudai kwamba kuchoma maiti ni ibada ya shetani. Hayo yalinong'onwa mwaka 2019, Bob Collymore wa Safaricom alipochomwa Kariokor siku moja tu baada ya kifo chake. Watu wenye simu nzuri kabisa mikononi walikuwa wakiulizana ni chama gani cha siri kilichoharakisha moto. Haraka hiyo ni jambo la kawaida kwa Wahindu na kwa Waislamu wanaozika, wala haihitaji shetani wa kuieleza. Wangari Maathai alichomwa hapo hapo Kariokor Oktoba 2011, ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kenneth Matiba, mwana wa Murang'a ambaye watu wa Thika walimiminika kumuaga, alichomwa Lang'ata Aprili 2018. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Kianglikana alichomwa mwaka 2005, kama mkewe kabla yake. Anayetaka kuwaita hawa waabudu shetani aanze na askofu, nasi tumsikilize.

Wa pili husema mwili uliochomwa hautafufuka. Sina digrii ya teolojia, lakini najua mfupa huoza kaburini pia, tena katika udongo mwekundu wenye asidi wa Kiambu huoza upesi kuliko wengi wanavyodhani. Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti tangu mwaka 1963. Lisichoruhusu, na hapa Mkatoliki anayesoma asikilize vizuri, ni kumwaga. Agizo la mwaka 2016 linataka majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe hewani, ardhini wala majini. Ufafanuzi wa Desemba 2023 ulilegeza kidogo tu: sehemu ndogo inaweza kuwekwa mahali penye maana kwa marehemu, kwa masharti. Mwislamu hana mjadala hapa, dini yake haichomi. Mhindu naye anatafuta maji yanayotiririka. Haya ni masharti ya kweli ya watu wa imani zao na nayaheshimu. Simheshimu anayeyachanganya na hadithi za majini.

Wa tatu ndiye anayenichosha zaidi, kwa sababu huvaa kofia ya mzee: "Desturi yetu Wagikuyu ni kuzika." Ipi? Kabla ya wamisheni na sheria za kikoloni, waliozikwa walikuwa wachache, wazee wenye mali na watoto. Walio wengi walipelekwa nje ya boma wakaachiwa fisi. Mgonjwa aliyekata tamaa alitolewa nyumbani ili asifie ndani, kwani nyumba iliyofiwa ndani haikukaliwa tena. Kaburi la saruji lenye vigae na picha ya marehemu ni desturi ya juzi. Ni desturi halali, desturi zote zilianza siku fulani. Lakini usiniambie ni ya tangu Mumbi, mama wa Wagikuyu wote.

Kuna na upuuzi wa kisasa, unaouzwa kwa bei. Kampuni za ng'ambo hutangaza chombo chenye mbegu ambamo marehemu "atageuka mti". Mti huota kwa udongo uliowekwa juu, na huota licha ya majivu. Chumvi yake ni nyingi mno kwa mzizi mchanga, na fosfeti iliyopitia moto mkali imejifunga kwa namna ambayo mmea hauwezi kuinywa upesi. Wapo Ruiru wanaoniuliza kama waweke chini ya mche wa kahawa, na swali hili nalipenda, maana tuko katika mji ambao kituo chake cha utafiti kiliupa ulimwengu Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 ili istahimili chulebuni na kutu ya majani. Udongo wa huku una asidi, na kilo mbili za kitu chenye tabia ya chokaa zikitapanywa juu ya eneo pana hazidhuru. Zikimwagwa zote shinani pa mche mmoja, majani yataungua kingoni, na ukoo utasema marehemu amekasirika. Hajakasirika. Ni sodiamu.

Almasi "ya majivu" ni hivyo hivyo. Almasi ni kaboni, na kaboni karibu yote ilitoka kama gesi. Anayeuza ajieleze.

Sasa haki ya kuamua, ambayo nilidhani ingenichukua aya mbili. Kila Mkenya wa umri fulani anaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari hadi Mei 1987, Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi. Wanasheria huisoma kesi ile kama mvutano wa mila na sheria ya Kiingereza. Mimi huisoma kama tatizo la fizikia: mwili hauna nusu. Ni lazima ulale mahali pamoja, na atakayeshindwa ashindwe kabisa.

Majivu yana nusu, na robo, na kijiko. Mohandas Gandhi alipouawa Januari 1948, majivu yake yaligawanywa katika vyombo vingi. Kimoja kilisafirishwa kutoka Delhi hadi Allahabad kwa treni maalumu ya mabehewa ya daraja la tatu, lile alilozoea kupanda, na tarehe 12 Februari yakamwagwa mitoni. Fungu jingine lilifika kwetu huku, likamwagwa Jinja, Nile inapotoka ziwani. Sanamu yake iliyozinduliwa hapo na waziri mkuu wa India mwaka 1997 bado inatembelewa.

Na nikitaja treni na majivu siwezi kumruka John Henry Patterson, ingawa mhariri aliniomba nimruke. Huyu ndiye mhandisi aliyefika Tsavo Machi 1898 kujenga daraja la reli ya Uganda, akasimamishiwa kazi na simba wawili wasio na manyoya ya shingoni, akawaua Desemba ya mwaka huo. Alikuja kudai walikula watu 135. Wanasayansi waliopima kemikali za nywele na mifupa ya simba hao, utafiti uliotoka mwaka 2009, walikadiria kama 35. Nafurahi sana kwamba mfupa hauna haya: unasema ulichokula, hata miaka mia baadaye. Ngozi za simba wenyewe Patterson aliziuzia jumba la makumbusho la Chicago, na huko wapo hadi leo.

Patterson alikufa California mwaka 1947, akachomwa. Ukimuuliza Mkenya yeyote majivu ya mtu yule yangestahili kuwa wapi, atakujibu Tsavo, kando ya daraja. Nusu karne na zaidi yalikaa makaburini Los Angeles. Kisha Desemba 2014 yalihamishwa, pamoja na ya mkewe, hadi Avihayil nchini Israel, kijiji kilichoanzishwa na askari wastaafu. Alitaka kulala na watu wake, Wayahudi aliowaongoza katika vita vya kwanza vya dunia. Reli iliyompa jina haikuwa mahali pake. Ndiyo sababu nawaambia watoto wa wafanyakazi wa reli wasikimbilie kudhani: baba kufanya kazi relini miaka thelathini si ushahidi kwamba aliipenda. Muulizeni angali hai. Akisema stesheni, aandike, na ndugu zake wasikie.

Jambo moja la haki lisisahauliwe: mwili ukishachomwa hauchunguzwi tena. Palipo na shaka juu ya kifo, au kesi, au mke wa pili ambaye hajajulishwa, maliza hayo kabla ya moto. Kibali cha mazishi pekee hakitazima ugomvi.

Haya, stesheni. Mtu wa nne wa ukoo, niliyemsahau, husema reli hunywa damu, na kumwaga marehemu pale ni kuiita inywe tena. Reli hainywi. Watu huvuka vichwa vikiwa vimeinama kwenye simu, na treni nzito, chuma juu ya chuma, huhitaji mamia ya mita ili isimame. Hatari hiyo hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kutoingia na chombo katikati ya mataruma. Pia ni kosa kisheria kuingia njia ya reli bila ruhusa. Msihesabu ratiba ya abiria wa asubuhi na jioni mkajiona salama saa sita mchana: treni za mizigo hupita njia hiyo hiyo, na ya Nanyuki ilirejea Desemba 2020. Na treni ikipita huvuta upepo nyuma yake, hivyo chembe laini zitawafuata usoni.

Mwendeeni mkuu wa stesheni, watu wawili waliovaa vizuri, mmoja wao mzee. Mwelezeni ni kiasi gani na ni cha nani. Akikubali, atawaonyesha nyasi nje ya kokoto. Akikataa, ardhi ya nje ya ua inaona treni ile ile. Wanaotaka maji wanao mto Ruiru. Maji yake huishia Athi, ambao ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na kufika bahari karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Chembe nzito zitatua kwenye kona ya kwanza, msijidanganye. Chumvi yake itasafiri.

Gaweni mkiwa nyumbani, mezani, kabla ya safari: fungu la kaburi la familia kwa wanaotaka pa kuweka maua, fungu la reli. Msigawie mbele ya stesheni huku mkivutana. Anayemwaga asimame upande unakotoka upepo, ainame, chombo kiwe karibu na nyasi, amimine polepole akisogea, asilundike. Watoto wakae nyuma yake. Na chombo chenyewe kirudi nyumbani. Pale stesheni, plastiki zilizotupwa zinatosha.