Ndai Yako Inakunywa Kama Lori? Kabla Ulaumu EPRA, Uliza Fundi Alitoa Nini

Kila tarehe 14 ya mwezi, wasee wenye magari hapa Kakamega hukaa kama watu wanangoja matokeo ya KCSE. EPRA inatangaza bei mpya, usiku wa manane zinaanza kufanya kazi, asubuhi kilio kinaanza.

Sitasema bei haiumi. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikaenda 16 Julai 2023, na Oktoba mwaka huo lita moja ya petroli Nairobi ikagonga 217.36. Julai 2024 ushuru wa barabara nao ukapanda kutoka bob 18 hadi 25 kwa kila lita. Hizo zote huwezi badilisha ukiwa umekaa Amalemba. Lakini kuna mafuta mingine inapotea ndani ya gari yako mwenyewe, na hiyo si serikali inakula. Mimi nilijua hivyo baada ya kuumia.

Nilinunua Fielder ya mkono wa pili, injini ya 1500cc. Kila mtu aliniambia hiyo gari haili mafuta. Yangu ilikuwa inakula kama mjomba kwa matanga. Nikaanza kusema petroli imechanganywa, nikahama petrol station tatu, nikanunua ile dawa ya chupa ya kumwaga kwa tenki. Hakuna kitu ilibadilika. Shida ilikuwa kakitu kadogo kanatoshea kwa kiganja, na kalikuwa kametolewa na fundi.

Kwanza pima, wacha kukisia

Wasee wengi hupima mafuta kwa pesa. "Nimeweka ngiri moja na imeisha." Hiyo haikuambii kitu, juu bei inabadilika kila mwezi.

Fanya hivi. Jaza tenki mpaka pampu ijizime yenyewe. Rudisha ile namba ya tripu kwa dashbodi iwe zero. Endesha kama kawaida yako, usijifanye mtakatifu. Ukifika karibu nusu tenki, rudi pampu ile ile na ujaze tena mpaka ijizime. Chukua kilomita, gawanya kwa lita zimeingia.

Yangu ilikuwa imeenda kilomita 320, zikaingia lita 32. Hiyo ni kilomita 10 kwa lita. Kwa gari kama hiyo, na sehemu kubwa ya safari ikiwa barabara ya Kisumu, hiyo ni aibu. Lakini angalau sasa nilikuwa na namba. Fundi akikuambia "boss, hii sasa iko fiti," unapima tena na unajua kama anakubeba ufala.

Themostati: kakitu kanatolewa bila kuulizwa

Hii ndiyo ilinimaliza, na niko sure iko kwa magari mengi hapa mtaani.

Themostati ni kama mlango mdogo kwa njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa ili ipate moto haraka. Ikifika kama digri 80 hivi, unafunguka, maji yanapita kwa rejeta yapoe. Injini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na moto wake, si ikiwa baridi.

Sasa sikiza vile mchezo huenda. Msee anaweka maji ya bomba badala ya kulanti. Miaka inapita, kutu inaingia, njia za rejeta zinaziba. Siku moja gari inachemka pale Khayega na watu wanne ndani. Anaita fundi. Fundi anatoa themostati, anarudisha kila kitu, anasema, "Boss, tumeitoa hiyo, haitakusumbua tena. Hii Kenya hakuna baridi."

Na kweli haichemki, kwa muda. Lakini sasa maji yanazunguka kwa rejeta hata injini ikiwa baridi. Kompyuta ya gari inasoma sensa, inaona injini bado haijapata moto, inaongeza petroli ndiyo iisaidie. Kazi yake ni hiyo. Isipokuwa sasa inafanya hivyo safari karibu yote, si dakika tano za asubuhi. Gari nyingi za automatic pia hukataa kuingia gia ya juu mapema kama injini ni baridi, so unasikia inalia tu ukipanda.

Utajuaje? Gari nyingi za Toyota za siku hizi hazina geji ya joto. Ziko na kataa ka blue kwa dashbodi, kanawaka ukiwasha gari asubuhi na kuzima injini ikipata moto. Kama kanakaa sana kabla kuzima, au kanarudi kuwaka ukiteremka mlima, kuna uwezekano themostati imekwama wazi ama haiko. Yangu ilikuwa inarudi kila nikiteremka. Nilidhani ni urembo.

Fundi mmoja mzee ndiye alinifungua macho. Aliangalia hako kataa, akaniuliza, "Kijana wangu, hii gari iliwahi kuchemka?" Nikasema ndiyo, kabla niinunue, mwenyewe aliniambia. Akacheka. Alifungua, akakuta nafasi tupu.

Themostati mpya ilikuwa bei ya chini kuliko tenki moja. Lakini usirudishe tu na uende. Kama gari ilikuwa inachemka, kuna sababu: rejeta imeziba, feni haizunguki, kofia ya rejeta haishiki, ama maji yanavuja mahali. Hiyo irekebishwe kwanza, kisha weka kulanti. Ukirudisha themostati kwa rejeta imeziba, utaua injini, na hiyo si bei ya kucheka nayo.

Kuteremka na nyutro: haisaidii, na inaua

Hapa ndipo nataka tuongee polepole.

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari. Kakamega iko karibu 1,530. Ina maana ukienda Kisumu unateremka, na mteremko mkubwa uko pale Kiboswa ukienda Mamboleo. Madere wengi wakifika hapo wanaweka gia nyutro, gari inajiteremkia. Wengine hata wanazima injini. Ukiwauliza, wanasema wanasave mafuta.

Hiyo akili ilikuwa ya kweli wakati wa kabureta. Gari za kabureta ziliendelea kuvuta petroli hata ukitoa mguu, so nyutro ilipunguza kidogo. Gari za injekta si hivyo. Ukiwa kwa gia, mguu uko nje ya mafuta na magurudumu ndiyo yanazungusha injini, kompyuta inafunga petroli kabisa. Unateremka bure. Ukiweka nyutro, magurudumu hayazungushi injini tena, so lazima ichomwe petroli ndiyo isizime. Kumbe wewe unadhani unasave, na ni wewe unaongeza.

Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni breki. Kwa nyutro, injini haikushiki hata kidogo, uzito wote wa gari na abiria na magunia uko juu ya breki. Breki zikipata moto sana, zinaanza kuteleza, unakanyaga na gari haisikii. Ukiwa umezima injini ni mbaya zaidi. Ile nguvu inasaidia mguu wako kwa breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mgumu kama jiwe. Mbele yako kuna boda, kuna mama amebeba mboga, kuna watoto wametoka shule.

Teremka kwa gia. Kama ni automatic, weka 2, S, B au L, kulingana na gari yako, usikie injini inakushika. Na kama uko ndani ya Probox ya mtu na unaona dere ameweka nyutro, mwambie. Afadhali akuone unajifanya mjuaji.

Vitu vidogo vinasaidia kweli

Upepo wa magurudumu: kwa nguzo ya mlango wa dere kuna stika inaonyesha kiasi. Usipime kwa kupiga teke. Upepo ukipungua, gurudumu linashika lami zaidi ya inavyofaa, unakula mafuta na gurudumu pia linaisha pembeni. Angalia kila wiki mbili, asubuhi likiwa baridi.

Matuta: barabara ya Kakamega kwenda Kisumu iko na bamps hadi unachoka. Kuna msee anakanyaga mafuta kutoka bamp moja mpaka ile ingine, halafu anapiga breki. Kila ukipiga breki hivyo, unageuza petroli kuwa joto. Toa mguu mapema, wacha gari ijipunguze yenyewe.

Spidi: ukitoka 80 kwenda 110, upepo unaokusukuma unakaribia kuwa mara mbili. Kati ya Kakamega na Webuye ni kama kilomita 40, so hiyo spidi itakuokolea dakika kama nane. Uliza kama zina thamani hiyo.

Safari fupi: Lurambi hadi tao, injini haijapata hata moto na umeshazima. Hapo ndipo gari hunywa zaidi. Piga mguu, ama panda boda.

Plagi zikiisha, injini inakosa kuchoma petroli yote, na taa ya injini ikiwaka usiifunike na stika. Enda isomwe na mashine. Filta ya hewa ikijaa vumbi la murram, badilisha pia, juu gari itakosa nguvu. Lakini kwa gari ya injekta usitarajie filta peke yake ifanye miujiza. Na zile dawa za chupa na sumaku za kufunga kwa paipu ya petroli? Nilijaribu dawa. Nilisave pesa siku niliacha kuinunua.

Hesabu ya mwisho

Baada ya themostati, rejeta kusafishwa, upepo na kubadilisha vile naendesha, nilipima tena. Kilomita 390 kwa lita 30. Hiyo ni 13 kwa lita.

Tuseme petroli iko 180. Kisumu kwenda na kurudi ni kama kilomita 100. Zamani nilichoma lita 10, bob 1,800. Sasa ni lita 7.7, bob 1,385 hivi. Nimebaki na soo nne kila safari, na mimi huenda mara mbili kwa wiki. Kwa mwezi hiyo ni zaidi ya ngiri tatu, na EPRA haikushusha hata senti.

So wikendi hii, kabla uende kuosha ndai, fanya vitu viwili. Jaza tenki na uanze kupima. Halafu piga simu kwa fundi wako, umuulize polepole, bila vita: "Boss, themostati yangu iko, ama uliitoa?"

Akinyamaza kidogo kabla kujibu, ushapata jibu.